Bisibisi Nzito kwa Bunduki ya Baba

Nyumbani kwetu, Khuwair ya Kusini, taa ikiungua aliyepanda kitini kuibadilisha alikuwa Mama. Baba alikishika kiti kisitikisike na kutoa maelekezo kutoka chini. Alikuwa mtu wa kalamu. Tangu tuliporudi kutoka Unguja alifanya kazi katika wizara moja kule Maskati mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo sikupata kumwona ameshika nyundo. Kwa hiyo jioni aliyorudi kutoka kumposea mdogo wangu na kututangazia kwamba ataiunga bunduki ya marehemu ami yake kwa mikono yake mwenyewe, Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa mikono ipi, bwana wee?" akamuuliza.

Papo hapo akatamani kuyameza maneno yake. Mikono ya Baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na daktari alikuwa ameshatupa jina la maradhi na vidonge vya kumeza. Ulianza mkono wa kulia, ukafuata wa kushoto, na ilizidi kutetemeka pale alipokaa bure bila ya kufanya kitu. Wakija wageni aliuficha ule wa kulia chini ya paja au mfukoni mwa kanzu. Sisi wa nyumbani tulijifanya hatuoni, naye akajifanya hajui kwamba tunaona.

Bunduki yenyewe ilikuwa vipande. Ami yake Baba hakuvuka kwenda Afrika kama ndugu zake. Alibaki kijijini na mitende yake. Uzeeni aliifungua bunduki ili aisugue kutu, akafariki kabla hajairudishia. Wanawe walimletea Baba ndani ya shuka, kama walivyousiwa, pamoja na kibali chake. Ilikuwa ya kizamani, ya risasi moja moja, na chini yake palikuwa na wenzo wa chuma ambao ukiuvuta, mtambo unafunguka. Ni aina ile wanayotoka nayo wazee kwenye harusi. Risasi hatukuwa nayo hata moja, wala hakuna aliyeitaka. Lile furushi lilikaa juu ya kabati miaka mingi, na kila Mama alipopangusa vumbi, kitu kilidondoka.

Wakwe zetu watarajiwa walikuwa watu wa Sharqiya, mbali na pwani, watu wenye mila zao kamili. Kwao watu wa bwana harusi huingia kijijini kwa miguu, wamejipanga mstari, wanaimba razha. Mwenye bunduki na bunduki yake, mwenye upanga na upanga wake, na mzee asiyetaka tabu hushika asa, ile fimbo nyembamba. Baba wa binti alimuuliza Baba, kwa adabu tu, kama na sisi tungekuja hivyo au tungeshuka garini mlangoni kama watu wa mjini. Baba akajibu mbele ya wanaume wote kwamba anayo bunduki ya ami yake na yuko katika kuiunga.

Mimi nilikasirika. Nilijua anachokiogopa: hakutaka wakwe wamwone akitetemeka siku anayomkabidhi mwanawe kwa watu. Sasa mtu anayeogopa kuonekana anatetemeka, kwa nini ajitafutie kazi ya skrubu?

"Baba," nikamwambia, "si ushike asa tu? Wazee wote wanashika asa."

Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuiona tangu siku nilipofeli hesabu.

"Asa sishiki."

"Basi tuipeleke kwa fundi kule Matrah aiunge, wewe uibebe."

"Nshasema n'taiunga mwenyewe. We kazi yako kun'tafutia vyombo vya kufanyia kazi. Khalas."

Kazi ile ilinijia mimi kwa sababu mbili. Nilikuwa na gari, na nilikuwa msaidizi katika kliniki ya meno. Baba aliamini kwamba mtu anayeshinda kutwa na vyuma vyenye ncha lazima anajua kuchagua bisibisi. Tena nilikuwa nimerudi kwao baada ya ndoa yangu kuvunjika, na binti aliyerudi nyumbani hatumwi kidogo. Sikulalamika sana. Kusema kweli nilipenda kutumwa kitu kisichokuwa samaki.

Nilianza kwa makosa. Nilikwenda duka la vifaa lililo karibu na kwetu, nikanunua boksi zima la bisibisi zenye mipini ya plastiki, za rangi rangi, nyepesi kabisa. Kliniki tulikuwa tunasifu chombo chepesi kwa sababu hakimchoshi daktari. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Tukatandika shuka sebuleni, tukavipanga vipande vya bunduki, na Baba akachagua bisibisi nyekundu. Akaiweka juu ya skrubu. Bisibisi ikacheza, ikachomoka, ikachora mstari mweupe kwenye chuma kilichokuwa cheusi tangu enzi za babu yake. Akajaribu tena, ikachora wa pili. Akairudisha kwenye boksi lake polepole, akaenda kuswali, na sala ile ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Nilipobaki peke yangu niliziangalia zile skrubu vizuri. Ufa wa vichwa vyake ulikuwa mwembamba na unaokwenda chini sana, wa kizamani, na ncha ya bisibisi yangu ilikuwa nene. Haikuingia, ilikaa juu juu ukingoni. Kumbe bisibisi huichagui wewe, inachaguliwa na skrubu. Siku ya pili nilichukua nta kliniki, ile tunayomng'atisha mgonjwa kupata umbo la meno yake, nikaikandamiza kwenye kila ufa wa kila skrubu. Nikazitia zile nta kwenye kopo la chakula na kuzunguka nazo madukani. Muuzaji mmoja wa Kihindi alizigeuza geuza, akaniuliza kwa Kiarabu chake kama ninatengeneza meno ya panya. Nilimwambia ndiyo, na panya mwenyewe ana haraka.

Haikupatikana bisibisi iliyoingia sawasawa. Nikanunua tupa, nikawa nazichonga ncha mwenyewe, jioni, uani, mpaka zilale ndani ya nta bila ya kutikisika. Mama alifunga madirisha kwa kelele zile. Lakini zilipokwisha, ncha ilikaa kwenye skrubu kama funguo kwenye kitasa chake.

Mkono wa Baba tu ndio haukukaa. Bisibisi haikuchomoka tena, ila ilitetemeka na yeye, na kila akikaza skrubu ilizunguka kidogo mbele na kidogo nyuma. Sasa tatizo halikuwa la skrubu, na hilo sikujua nilipimie nta gani.

Jawabu nililipata kwenye kahawa. Ijumaa moja walikuja wageni, na Baba, kama desturi yake ya siku hizo, alikataa mtu mwingine kuwamiminia. Alishika dalla, lile birika la kahawa, mwenyewe, akazunguka akiwamiminia mmoja mmoja, na wageni wakawa wanaapa kwa Mungu akae, yeye hataki. Watu wakisema, tazama mzee yule alivyo mnyenyekevu. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya halua nikiangalia mkono wake. Dalla ilikuwa imejaa tele, shaba tupu, nzito ya kumchosha kijana. Kahawa iliingia kwenye vile vikombe vidogo bila ya tone kwenda nje. Kisha mgeni mmoja akamlazimisha naye anywe, akampa kikombe. Kile kikombe, ambacho hakina uzito hata wa yai, kilimshinda. Alikiweka chini haraka akasema kahawa ya moto mno.

Nilibaki na sahani yangu mkononi mpaka Mama akaniuliza kama wageni waje kuila halua jikoni.

Siku ile ile baada ya alasiri niliendesha mpaka Sib. Nyuma ya soko palikuwa na watu wanaouza vitu vilivyotumika, vingi vya gereji na vingine vya melini, vimemwagwa chini juu ya turubai. Sikutazama rangi wala upya. Nilishika chombo kimoja kimoja na kukipima kiganjani. Muuzaji aliniona mwanamke, akanitafutia vidogo vidogo, akasema hivi ni vyepesi, vinakufaa.

"Vyepesi ninavyo nyumbani boksi zima," nikamwambia. "Nimekuja kutafuta uzito."

Nilipata bisibisi moja ya mpini wa mti uliojaa kiganja, chuma chake kimepita ndani ya mti mpaka kikatokea kisogoni. Ilikuwa chafu na nzito kama mchi mdogo. Niliichonga ncha yake usiku haujaingia, nikampelekea Baba alipokuwa amekaa na redio yake.

Aliishika. Mkono ukashuka kidogo kwa ule uzito, ukatulia. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, akautazama tena mkono. Nilisubiri aseme kitu.

"Umeipata wapi?"

"Sib."

"Kesho rudi ukatafute na nyundo."

Nikarudi. Nyundo ikawa ya kichwa cha shaba, kwa sababu shaba haikwaruzi chuma, tena ya shaba nene. Jiliwa la kubania likawa la chuma kizima, likabebwa na watu wawili kuingizwa garini, na Mama akalifunga kwa vipande vya kanga kuukuu ili lisiuume mti wa bunduki. Vijiti vya kusukumia pini nilivifunga mipira ya pikipiki mpaka vikanona. Zile bisibisi za rangi rangi Mama alizichukua jikoni na kufungulia makopo.

Tulifanya kazi ile Septemba nzima, alasiri, joto likiwa bado la kutosha kumtoa mtu roho. Baba alikaa kwenye kiti kifupi cha Mama cha kukunia nazi, mbuzi, ule upande wa meno tumeufunga taulo, kwa sababu ndicho kiti pekee kilichomweka sawa na jiliwa. Mimi nilikaa kulia kwake. Alinyoosha kiganja bila ya kutazama, nami nikakiwekea chombo, kama ninavyomfanyia daktari. Hakuna aliyetufundisha hivyo, ilitokea tu. Kiganja kitupu kilitetemeka, na nilipokiwekea bisibisi ya mti kilitulia. Nilizizoea zile sekunde za katikati na sikuziogopa tena. Kuna springi moja iliruka ikapotea, na Mama akaja kuikanyaga siku ya pili na kututukana sote wawili.

Siku ilipokwisha kuungwa, Baba aliuvuta wenzo, ukafunguka, akaurudisha, ukalia ta! Akarudia. Akarudia tena mpaka Mama akasema wallahi utaivunja. Kisha Mama akaenda jikoni na kurudi na chupa.

Mama alikuwa na imani na mafuta ya nazi. Aliyatia kwenye bawaba za milango, kwenye cherehani, kwenye nywele zetu na kwenye magoti ya Baba. Mimi nilikuwa nimenunua kopo la mafuta ya mashine, lakini alilinusa akalisukuma.

"Harusini bunduki inuke gereji? Hebu niacheni miye."

Hakuna aliyembishia. Kwa joto lile mafuta yalikuwa maji, yakaingia kila pembe ya mtambo yenyewe, na wenzo ukawa laini wa kuvutwa kwa kidole. Nyumba nzima ilinuka mchuzi. Tulikuwa tumeridhika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka ile chupa ya mafuta ya nywele iliyokaa dirisha la choo, ambayo kila baridi huganda ikawa nyeupe, na tukaianika juani ndipo tuchane nywele. Mtu anaweza kufanya kitu maisha yake yote na asikijue.

Harusi ilikuwa Januari. Tuliondoka baada ya alfajiri, wanaume kwenye magari yao, mimi na Mama kwenye langu. Kule Sharqiya asubuhi ya Januari ni baridi ya kuvaa koti juu ya koti, na bunduki ilikuwa imelala kwenye buti la gari la mdogo wangu tangu jana yake. Tulipofika ukingoni mwa kijiji, wanaume wakashuka wakajipanga. Wakwe walikuwa wamekuja kutupokea. Mzee mmoja wa kwao, kwa sababu palikuwa na watoto wengi, akapita akimwomba kila mwenye bunduki aifungue ionekane tupu. Wakafungua, mmoja mmoja, ta, ta, ta. Akafika kwa Baba.

Baba akavuta wenzo. Haukwenda. Akavuta tena, nikaliona bega lake likijitahidi ndani ya bishti, lile joho la sherehe. Mstari wote ukageuka.

Nilikuwa nimeshusha kioo cha gari. Nilizipitia pini zote kichwani, na springi iliyokanyagwa, nikitafuta kosa letu liko wapi. Baba akaisogeza bunduki puani, akanusa. Papo hapo Mama akanishika mkono.

"Yarabi! Mafuta yameganda!" Akatoa kichwa dirishani, akasahau kama yeye ni mama wa bwana harusi na wanaume wote wale wanamsikia. "Ianikeni! Ianikeni juani!"

Watu wetu walikielewa Kiswahili chake, wakwe hawakuelewa. Mdogo wangu aliichukua bunduki kutoka kwa Baba akailaza juu ya boneti ya gari, ambayo ilikuwa bado ya moto, na jua likiipiga. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Baba akabaki mikono mitupu. Alisimama mbele ya ukoo mzima wa watu, hana paja la kuuficha mkono, hana mfuko, bishti limemfunga. Mkono wa kulia ukaanza. Mtu mmoja wa kwetu, kwa wema wake, akampa asa yake ashike. Ile fimbo nyembamba ikachukua kila tetemeko la mkono na kulipeleka mpaka nchani, ikawa inacheza hewani mbele ya macho ya watu, na watoto wakaacha kuangalia bunduki wakaiangalia fimbo. Asa ilikuwa kipaza sauti. Hapo ndipo nilipoielewa ile hasira yake. Alijua tangu mwanzo, kabla ya mimi na dalla yangu, kipi kinamtuliza na kipi kinamwumbua, na mimi nikamwambia si ushike asa tu.

Baba wa bibi harusi akatoka kwenye mstari wa kwao. Akamwendea Baba, akaipokea ile asa kana kwamba ilikuwa inamsumbua mwenzake, akaibana kwapani kwake. Akampa mkono. Akamuuliza hali yake, hali ya watu wa nyumbani, hali ya safari. Baba akajibu. Yule bwana akamuuliza kuhusu mvua ya Maskati, kisha kuhusu mitende ya marehemu ami yake. Wanaume wa huku hushikana mikono wakizungumza, hakuna anayeshangaa. Ila salamu ziliisha na mkono hakuuachia. Akauweka na mkono wake wa pili juu. Akamuuliza tena kuhusu mvua, jambo alilokwisha kulijua. Kutoka garini niliuona mkono wa kanzu yake ukitikisika, tetemeko la Baba limehamia kwake, naye anaendelea kuzungumza tu, amekunja uso kama mtu anayesikiliza habari muhimu sana za mawingu.

Walisimama hivyo mpaka ilipolia ta! juu ya boneti. Mdogo wangu akaileta bunduki, ikafunguliwa, ikaonekana tupu. Ndipo yule bwana akauachia mkono wa Baba, na akaungoja uishike bunduki kwanza. Razha ikaanza. Baba aliingia kijijini ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, ametulia tuli, ananuka nazi. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi nililia, na nilikuwa nimejipaka wanja.

Tuliporudi Baba alipanda gari langu. Mama alisinzia nyuma kabla hatujafika barabara kubwa. Tulikwenda mwendo mrefu, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, nje, unatetemeka.

"Ulimwona yule bwana?" akaniuliza.

"Nilimwona, Baba."

"Ana mkono mzito," akasema. "Mzito kama ile bisibisi ya Sib."

Wake akauacha pale pale juu ya goti, hakuuficha, mpaka tukafika Khuwair.